Nishani ya vita ikichelewa: mzee aliyehudumia ndege aanzie wapi?

Hivi karibuni, kipindi chetu cha jioni kikiwa kinaelekea ukingoni, tulipokea simu kutoka Kimuli, wilayani Kyerwa. Aliyepiga alisema baba yake ni mwanajeshi mstaafu. Wakati wa vita vya Kagera mzee huyo alikuwa fundi wa ndege za kivita, na kituo chake kilikuwa Mwanza. Alijaza mafuta, alikagua matairi, alipakia risasi, na alikesha akisubiri ndege zilizoondoka zirudi.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mzee anawaona wenzake wakiwa wamevaa nishani kifuani. Yeye hana hata moja ya vita ile. Mwanawe akatuuliza: "Baba anakaribia miaka 70. Kuna mtu ameniambia nitoe shilingi elfu hamsini afuatilie. Nitoe? Au tumeshachelewa?"

Muda ulikuwa umekwisha, tukamwahidi kumjibu kwa maandishi. Tumeona jibu lenyewe linagusa nyumba nyingi za Kyerwa na Karagwe, maana hakuna kijiji kisicho na mzee wa vita au kaburi la mzee wa vita.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: usitoe hiyo elfu hamsini. Na kuchelewa peke yake hakumnyimi mtu nishani. Wapo wanajeshi wa ndege duniani waliosubiri zaidi ya miaka 60 wakapata. Kinachomnyima mtu nishani mara nyingi ni karatasi. Tueleze taratibu.

Nishani ya vita inatolewa kwa kigezo gani?

Kwenye mazungumzo yetu ya kawaida tunasema nishani, wengine wanasema medali. Tugawanye katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni nishani ya ushujaa. Hii inatolewa kwa mtu mmoja kwa tendo moja, kwa mfano askari aliyemwokoa mwenzake chini ya risasi. Lazima kamanda wake aandike pendekezo, na mashahidi wawepo.

Fungu la pili ni nishani ya kushiriki vita. Hii haiulizi kama ulikuwa shujaa. Inauliza maswali matatu tu: ulikuwa kikosi gani, ulikuwa wapi, na kwa muda gani? Nishani ya Vita vya Kagera, ambayo maofisa na askari wengi wa JWTZ waliivaa, ipo kwenye fungu hili.

Kwa wanaoruka, kuna hesabu yake. Askari wa miguu huhesabiwa siku alizokaa eneo la vita. Rubani anaweza kulala kambini mbali kabisa na adui, akaruka saa nne kwenda vitani, akarudi kula chakula cha jioni. Kwa hiyo Waingereza katika Vita Kuu ya Pili waliweka kipimo tofauti. Kwa nishani iliyoitwa 1939-45 Star, askari wa kawaida alitakiwa awe na siku 180 kwenye eneo la mapambano. Mtu wa ndege alitakiwa siku 60 kwenye kikosi cha mapambano, pamoja na safari angalau moja ya kivita angani.

Safari hiyo inathibitishwa vipi? Kila rubani ana kitabu chake cha safari. Humo anaandika tarehe, aina ya ndege, kazi aliyotumwa na saa alizokaa angani. Kikosi nacho kina kitabu chake cha matukio ya kila siku. Vitabu hivi viwili vikikubaliana, miaka 60 baadaye mtu wa ofisini ambaye hajawahi kumwona rubani huyo anaweza kusema: ndiyo, huyu alikwenda.

Walioruka usiku, wakasubiri miaka 68

Mfano unaojulikana sana ni wa Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilikuwa na kamandi ya ndege za kudondosha mabomu, Bomber Command. Watu wapatao 125,000 waliruka na ndege zake, na 55,573 kati yao walikufa. Maana yake, kati ya kila watu 100 waliopanda ndege zile, karibu 44 hawakurudi.

Walikuwemo pia Waafrika. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa msoma ramani wa ndege hizo. Ndege yake iliangushwa Ujerumani mwaka 1943, akakaa kifungoni hadi mwisho wa vita, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu wa kamandi ile walipewa nishani za jumla kama wanajeshi wengine, lakini hawakupewa alama inayosema kwamba hawa ndio waliokuwa kwenye ndege za mabomu. Marubani wa ndege ndogo walioilinda Uingereza mwaka 1940 walikuwa na alama yao.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni aibu ya siasa. Mabomu yale yaliteketeza miji na kuua raia wengi. Katika mji wa Dresden peke yake, Februari 1945, walikufa watu wanaofikia 25,000. Baada ya ushindi viongozi hawakutaka sana kulizungumza jambo hilo, na walioendesha ndege wakabaki na lawama ya amri ambayo hawakuitoa wao.

Sababu ya pili ilikuwa kanuni. Serikali ya Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kutofikiria nishani mpya kwa tukio lililopita zaidi ya miaka mitano, na wa kutompa mtu nishani mbili kwa utumishi uleule. Kila wazee walipoandika barua, walijibiwa kwa kanuni hizo.

Hawakuacha kuandika. Mwaka 2012 serikali ikamteua Sir John Holmes apitie upya malalamiko ya nishani, na mwaka 2013 alama ikaanza kutolewa. Haikuwa nishani kamili. Ni kipande kidogo cha chuma kinachobandikwa juu ya utepe wa ile 1939-45 Star. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 vita vikiisha alikuwa na miaka 88. Baadhi yao walisema wazi kwamba kipande kile ni kidogo mno kwa damu ile yote. Wengine walikipokea kwa niaba ya wenzao waliokufa. Na familia za marehemu ziliruhusiwa kuomba.

Angalia jambo moja hapa. Kanuni ya miaka mitano ililegezwa, lakini hakuna aliyesamehewa ushahidi. Mwombaji alitakiwa awe kwenye rekodi, na safari yake ya kivita iwe imeandikwa.

Marekani: rekodi zilipofungiwa

Marekani nako kuna funzo. Katika vita ileile wanawake 1,074 waliendesha ndege za jeshi ndani ya nchi. Walizipeleka kutoka viwandani hadi kambini, walizijaribu zilizotengenezwa, na walivuta shabaha angani ili askari wajifunze kulenga kwa risasi za kweli. Wanawake 38 walikufa kazini.

Lakini kwenye makaratasi walihesabiwa kuwa raia. Aliyekufa hakupewa heshima za kijeshi, na gharama ya kumrudisha nyumbani iliangukia familia na marafiki zake. Rekodi zao zikafungiwa kama siri kwa zaidi ya miaka 30, hivyo hata walioandika historia ya vita hawakuwataja. Ni mwaka 1977 tu walipotambuliwa kisheria kuwa walitumikia jeshi, na mwaka 2010 wakakabidhiwa nishani ya dhahabu ya Bunge la nchi hiyo. Waliokuwa hai walikuwa bibi wa miaka 80 na 90, wengine kwenye viti vya magurudumu.

Kwa hiyo, kukosa nishani si ushahidi kwamba mtu hakufanya kazi. Wakati mwingine ni ushahidi kwamba karatasi yake iko kabatini na hakuna aliyeifungua.

Na fundi aliyebaki chini?

Hapa ndipo tunapomrudia mzee wetu wa Kimuli, maana yeye hakuruka. Alirusha wengine.

Nchi zimelijibu swali hili tofauti. Uingereza, ile alama ya mwaka 2013 ilitolewa kwa walioruka tu. Mafundi wa chini, waliokesha kwenye baridi wakitengeneza ndege zilizotobolewa na risasi, hawakuhusishwa, na jambo hilo liliwauma wengi.

Marekani walifanya vingine kwa kikosi cha Weusi waliofunzwa urubani Tuskegee, jimbo la Alabama, wakati ambapo jeshi lao lilikuwa bado linawatenga Weusi na Wazungu. Mwaka 2007 walipewa nishani ya dhahabu ya Bunge kwa pamoja: nishani moja kwa kundi zima, marubani pamoja na mafundi na wahudumu wao.

Funzo kwa msikilizaji wetu ni kwamba vigezo vya nishani huwekwa na mwenye kuitoa. Kabla hujadai, uliza kigezo. Usianze kwa kusema "baba alionewa". Anza kwa kuuliza: "Nishani hii ilitolewa kwa nani, na baba alikuwa kikosi gani siku hizo?"

Vita vya Kagera na ndege zake

Vijana wetu wengi wanaijua vita ile kama vita ya mizinga na miguu. Wazee wa Bukoba watakuambia habari ya ndege. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliushambulia mji wao. Jeshi lake lilipoingia na kushika eneo hadi kingo za mto Kagera, ndege zake zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, hadi likavunjwa kwa baruti mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao.

Upande wetu ndege zilikuwepo pia, na kazi yake haikuwa salama hata nyumbani. Historia ya vita ile inaeleza kwamba ndege 3 za Tanzania ziliangushwa karibu na Musoma na wapiga mizinga wetu wenyewe, waliodhani ni za adui. Na Machi 1979 ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama. Kwa hiyo mtu asimwambie fundi aliyekuwa Mwanza kwamba alikaa mbali na vita. Vita vilimfuata hadi pale.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilikuwa limepanuka hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000, pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT. Wengi walirudi mashambani haraka kama walivyoitwa, kwenye migomba na kahawa zao. Ukikusanya watu wengi hivyo kwa miezi michache, na kuwatawanya kwa miezi michache, majina hupotea njiani. Yupo aliyeandikwa jina la ubatizo huku kijijini akijulikana kwa jina la ukoo. Yupo ambaye karani alikosea herufi. Yupo aliyehamishwa kikosi, na karatasi ikabaki kikosi cha kwanza.

Mzee afanye nini?

Uamuzi wa nani apewe nishani ni wa jeshi na wa Rais kama Amiri Jeshi Mkuu. Redio haiwezi kuahidi. Lakini ombi lenye karatasi kamili ndilo linaloweza kusomwa, na kazi hiyo inaanzia nyumbani.

Kwanza, kaeni na mzee mwandike. Namba yake ya jeshi. Jina aliloandikishwa nalo, herufi kwa herufi. Mwaka na mahali alipojiunga. Kila kikosi alichopitia na majina ya makamanda wake. Tarehe ya kustaafu. Wazee wengi husahau walichokula jana, lakini namba ya jeshi hawaisahau. Muulize asubuhi akiwa ametulia, siyo jioni baada ya rubisi.

Pili, tafuteni karatasi. Cheti cha kumaliza utumishi, kitambulisho cha zamani, barua za uhamisho, karatasi za pensheni, picha akiwa na sare. Angalieni ndani ya sanduku, nyuma ya fremu za picha, katikati ya kurasa za Biblia au Kurani. Mchwa hawajui historia. Kila mnachokipata kipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo, na mtume kwa ndugu wawili walio mahali tofauti.

Tatu, tafuteni mashahidi wakiwa hai. Mwenzake mmoja aliyekuwa naye kikosi kimoja, na ambaye nishani yake ipo, ana uzito kuliko barua kumi za kulalamika. Aandike alichokiona, aweke namba yake na sahihi.

Nne, nendeni ofisini. Pa kuanzia ni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Atawaelekeza namna ya kufikisha barua kwenye kikosi alichostaafia au Makao Makuu ya Jeshi. Upo pia Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, unaowajua wazee wengi na vikosi vyao. Peleka nakala, karatasi halisi zibaki nyumbani. Barua ikipokelewa, omba nakala yako igongwe muhuri na iwekwe tarehe.

Tano, kama mzee amefariki, anayeomba awe anatambulika. Andaa cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kijiji. Kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, yeye ndiye asaini. Hii inazuia ndugu wawili kuomba kitu kimoja kwa majina tofauti.

Na babu aliyekwenda Burma?

Kuna familia ambazo mzee wao hakupigana Kagera, bali alichukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili kwenye jeshi la KAR, ambalo wazee waliliita Keya. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia vita ile. Wengine walifika Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin. Magari yalikwama, wakawa wanaishi kwa chakula kilichoangushwa na ndege. Askari wa miguu aliyefika eneo hilo la vita alistahili nishani ya Burma Star, na mtu wa ndege aliistahili kwa safari moja tu ya kivita kule.

Familia ya marehemu bado inaweza kuiandikia ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, iliyopo Gloucester, kwa nishani za vita ile ambazo hazikuwahi kuchukuliwa. Kutolewa mara ya kwanza hakuna malipo. Kwa Vita Kuu ya Kwanza hawatoi tena. Kumbukeni pia kwamba nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wetu wa Vita Kuu ya Pili hazikuchongwa jina la mtu. Ukiikuta ya babu sandukuni, ifunge pamoja na karatasi zake. Ikitenganishwa nazo, ni chuma tu.

Hiyo elfu hamsini

Turudi kwenye swali la mpigaji wetu. Mtu anayekuomba pesa "ya kufuatilia nishani" muulize ofisi yake ipo wapi na risiti yake ina muhuri gani. Nauli ya kwenda wilayani na pesa ya kutoa nakala ni gharama ya kweli. Nishani yenyewe hainunuliwi. Na usimpe mtu karatasi halisi ya mzee akaondoka nayo, hata awe ndugu.

Jambo la mwisho, ili mzee asivunjike moyo baadaye: nishani ya kushiriki vita si pensheni, na kuipata hakubadilishi malipo yake ya mwezi. Mwanawe alituambia baba hahitaji pesa. Anataka siku wajukuu wakimuuliza alikuwa wapi mwaka 1978, awe na kitu cha kuwaonyesha.

Basi anzeni leo, kabla nishani haijaja. Mpeni daftari na kalamu, au washeni simu mrekodi sauti yake akisimulia usiku ule wa Mwanza, ndege gani ziliondoka na zipi zilirudi. Nishani ikija, itawekwa juu ya daftari hilo. Isipokuja, daftari litabaki.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa vita na mmeanza kuandika, tupigieni wakati wa kipindi cha jioni. Tungependa kuwasikia wazee wenyewe.